Kabla ya kununua redio mpya, jaribuni waya na nondo

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wengi wanaamini kwamba stesheni za AM, yaani za mawimbi ya kati, zimekufa, na wauza redio hawana haraka ya kuwasahihisha. Zipo zilizofungwa kweli, na hizo hakuna waya utakaozifufua. Lakini ile inayosikika mchana kwa mbali huku imejaa mikwaruzo, kisha usiku ikapandiwa na nyingine, ipo hewani. Ugonjwa wake mara nyingi uko ndani ya nyumba ya msikilizaji, na dawa yake ni mita 25 za waya, kipande cha nondo, na subira ya kuzima vitu vya umeme kimoja kimoja. Redio mpya si dawa. Hizi ndogo za siku hizi mara nyingi zina nguzo ya feraiti, yaani antena ya ndani ya AM, iliyo fupi kuliko ya ile redio kuukuu iliyosukumwa stoo.

Nianze na hiyo nguzo, maana bila kuijua kazi yote inakwenda upogo. Watu hufunga waya kwenye antena ya kuvuta, ile ya chuma inayochomoza juu ya redio, halafu wanasema waya haufanyi kitu. Wanasema kweli. Katika redio nyingi za mkononi antena ile ni ya FM na ya mawimbi mafupi tu. Mawimbi ya kati hupokelewa na nguzo nyeusi ya feraiti iliyolazwa ndani, kwa kawaida sehemu ya juu, ikifuata urefu wa redio, nayo imezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Funga hata mita mia kwenye antena ya kuvuta, AM itabaki ilivyo.

Nguzo hiyo husikia kwa ubavu, na kwenye ncha zake ni kiziwi. Kwa hiyo kabla ya kushika waya wowote, weka redio mezani, tafuta stesheni dhaifu, kisha igeuze polepole nusu duara. Pana mahali ambapo sauti itafifia au kupotea kabisa: hapo ncha ya nguzo inaelekea kwenye mnara. Robo duara kutoka hapo ndipo stesheni inaposikika vizuri zaidi. Pima kwa mahali pa kupotea, si kwa mahali pa kusikika, kwa sababu pa kupotea ni pembamba na panajulikana mara moja, ilhali pa kusikika ni papana na panadanganya sikio. Na kama kelele inatoka upande mmoja na stesheni upande mwingine, elekeza ncha kwenye kelele hata kama stesheni itapungua kidogo. Stesheni dhaifu isiyo na kelele inasikilizika kuliko stesheni yenye nguvu iliyo ndani ya ngurumo.

Sasa kelele yenyewe. Tia redio betri, iweke kwenye stesheni dhaifu, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Mikwaruzo ikipungua, adui umemfuga mwenyewe. Washa tena, halafu chomoa kimoja kimoja mpaka umpate. Wa kushukiwa kwanza ni chaja ya simu ya bei rahisi, na haijalishi kama simu imechomekwa au la. Ikiwa tu kwenye tundu la umeme inanguruma. Wanaofuata ni taa za LED, king'amuzi, televisheni, kompyuta na inveta. Vyote hivi hukata na kuwasha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde ndani yake, na masalio ya ukataji huo hutapakaa bendi nzima ya AM. Nyaya za nyumba huyabeba kila chumba. Ndiyo maana redio iliyo juu ya kabati, sentimita 30 kutoka waya uliopita ukutani, hupiga kelele, na ukiisogeza mita tatu tu hutulia. Kelele ya karibu hushuka kwa kasi kadiri unavyoachana na chanzo chake; stesheni haishuki, kwa kuwa mnara uko mbali vilevile.

Sola inastahili maneno ya peke yake, kwani sasa imeingia hata vijijini ambako zamani palikuwa kimya. Kelele inayoanza jua likipanda na kukoma jua likizama haitoki hewani, inatoka kwenye kontrola ya sola wakati inachaji betri. Nyaya za kutoka kwenye paneli zilizoachana na kutandazwa juu ya paa huwa antena nzuri ya kurusha uchafu huo. Zisokoteni pamoja kuanzia paneli mpaka kontrola. Kisha pitisheni nyaya zote mbili kwa pamoja ndani ya pete ya feraiti mara sita hadi nane, karibu kabisa na kontrola. Pete huwa ndani ya vyombo vingi vya umeme vilivyoharibika, hakuna haja ya kununua. Kama hiyo ni kazi kubwa, chomoa paneli kwa nusu saa ya taarifa ya habari, mradi kitabu cha kontrola kinaruhusu paneli kuchomolewa betri ikiwa imeunganishwa; nyingi zinaruhusu.

Umeme unapokatika mtaa mzima ndipo watu hushangaa AM imekuwa safi. Ukiona hivyo wakati swichi kuu yako ilikwishazimwa na hapakuwa na nafuu, basi kelele ni ya jirani au ya nguzo ya umeme barabarani. Ya nguzo huwa mbaya wakati wa kiangazi chenye vumbi na hupungua mvua ikinyesha. Hiyo dawa yake ni kuwaita wenye nguzo, wala mtu asithubutu kuisogelea.

Baada ya usafi huo ndipo waya unapokuwa na maana. Ukiutandaza kabla, utaongeza kelele pamoja na stesheni, na hakuna ulichopata.

Nunua waya wa umeme wa shaba wenye ganda la plastiki, milimita za mraba 1.5, mita 25 hadi 30, na mwingine mita 10 kwa ajili ya ardhi, yaani waya wa kwenda kwenye nondo, na koili, yaani mizunguko ya waya itakayoizunguka redio. Waya mwembamba zaidi unasikia sawasawa. Unene ni kwa ajili ya upepo na kunguru, si kwa ajili ya mawimbi. Wala msidanganywe na anayewaambia urefu lazima uwe mita fulani na sentimita fulani. Gawa 300,000 kwa kilohezi za stesheni, yaani namba yake kwenye redio, upate urefu wa wimbi kwa mita: stesheni ya kilohezi 600 ina wimbi la mita 500, na robo yake ni mita 125. Waya wetu wa mita 25 ni kipande kidogo tu cha wimbi, kwa hiyo kuongeza au kupunguza mita mbili hakubadilishi kitu. Kinachobadilisha ni kimo, umbali na nyumba, na ardhi nzuri.

Kimo cha mita nne hadi sita kinatosha. Fungia upande mmoja mti, upande wa pili nguzo ya mbao au kona ya nyumba, lakini waya wenyewe usiguse mti wala ukuta. Kata vipande viwili vya bomba la plastiki vya sentimita 10, toboa kila kimoja matundu mawili, tundu moja lipokee waya na jingine lipokee kamba ya nailoni ya mita mbili au tatu. Upande wa mti, kamba isifungwe. Ipitishwe juu ya tawi na ining'inizwe chupa ya plastiki iliyojazwa mchanga, kilo moja au zaidi kidogo, ili mti ukiyumba chupa ipande na kushuka badala ya waya kukatika. Nyumba ikiwa ya mabati, waya ukae mbali na bati angalau mita moja. Bati huzuia mawimbi yasiingie ndani, ndiyo sababu redio ndani ya nyumba ya bati juu na ubavuni huwa kiziwi, na waya uliolala juu ya bati hilo hilo hausikii chochote cha maana.

Waya ukifika dirishani, uache uning'inie kidogo chini ya kizingiti kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi kwenye redio. Ndani, usiuambatanishe na nyaya za umeme. Kama lazima vikutane, vikatane kama msalaba, visisindikizane.

Ardhi ndiyo sehemu inayorukwa, na ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.2 hadi 1.5, igongomee angalau mita moja chini, mahali panapomwagwa maji ya kuogea au kuoshea vyombo. Kwangua kutu mpaka chuma king'ae, bana waya kwa klampu ya mpira wa maji, paka grisi juu yake. Kiangazi mwaga ndoo ya maji. Waya wa kutoka nondo hadi redio uwe mfupi, mita tatu hadi tano. Msitumie ethi ya tundu la umeme: imebeba kelele ya nyumba nzima, na mahali palipofungwa nyaya vibaya inaweza kuua mtu.

Kuunganisha na redio hakuhitaji kuifungua wala kulehemu. Tengeneza mkono wa boksi gumu, kama mkono wa shati, ambao redio inaingia na kutoka bila taabu, kisha juu yake zungusha waya mara 10 hadi 15. Mwisho mmoja wa koili hiyo uunge na waya wa nje, mwisho wa pili uunge na nondo. Redio yenyewe haiguswi na waya wowote. Mkondo unaopita kwenye koili huamsha nguzo ya feraiti iliyo ndani. Hapa uelekeo ni kila kitu. Mizunguko lazima iizunguke nguzo: ipite juu ya redio, ishuke mbele, ipite chini, ipande nyuma, kama utepe unaofungwa katikati ya kifurushi kirefu. Ukizungusha kupitia ncha ya kushoto na ya kulia, koili inakingamana na nguzo na hakuna kinachovuka. Kama hujui nguzo imelala vipi, lile jaribio la kugeuza redio limekwishakuambia: inaelekea kule ambako sauti ilipotea.

Tafuta stesheni dhaifu kwanza bila koili, kisha sukuma redio ndani ya mkono wa boksi. Sauti ikipanda, kazi imekwisha. Isipobadilika, chomoa waya wa ardhi. Kama kuuchomoa hakuleti tofauti yoyote, kosa liko kwenye nondo, kwenye kiungo chake, au waya umekatika ndani ya ganda, na multimita itakuonyesha. Sauti inayopasuka kila upepo unapovuma ni kiungo kilicholegea au chenye kutu. Na ikiwa stesheni ya mjini yenye nguvu imeanza kusikika mahali pasipo pake, ikirukia juu ya nyingine, redio imelemewa. Punguza mizunguko ifike mitano, au vuta redio nje ya boksi sentimita tano hadi kumi. Wengi hapa huongeza waya zaidi, wakidhani wanazidisha dawa, na wanaharibu kabisa.

Wenye mashamba wana njia nyingine wasiyoijua. Mmarekani Harold Beverage alipata hataza mwaka 1921 kwa antena ya waya mrefu uliotandazwa karibu na ardhi kuelekea stesheni. Mita 150 za waya wenye ganda, zilizolazwa juu ya nyasi kwenye mstari ulionyooka kuelekea mnarani, huleta sauti ndogo kuliko waya wa juu lakini yenye kelele kidogo sana, na ukimaliza unauviringisha kwenye kibao. Jihadharini na majembe na ng'ombe.

Kwa anayeishi ghorofani bila kiwanja, atengeneze antena ya fremu. Msalaba wa mbao unaobeba mraba wa sentimita 60 kila upande, mizunguko 13 au 14 ya waya iliyoachana milimita 6, yote inakula karibu mita 34. Miisho miwili iungane na kapasita ya kuzungusha, yaani kile kifaa cha kuchagulia stesheni, ya pikofaradi 365 kutoka redio kuukuu, ile yenye sahani za hewa. Ile ndogo ya plastiki ina pande mbili: ziunganishe pamoja, na kwa stesheni za upande wa chini wa bendi, zenye kilohezi chache, ongeza sambamba kapasita ya kudumu ya pikofaradi 220. Usipofika chini ongeza mzunguko. Usipofika juu punguza. Weka redio sentimita 10 hadi 30 kutoka fremu, nguzo yake ikielekea katikati ya fremu kama mshale unaotaka kupita dirishani, kisha zungusha kapasita mpaka sauti ivimbe ghafla. Hakuna ardhi, hakuna mti, na fremu inageuzwa kama redio ili kukwepa kelele.

Usiku ni habari nyingine. Mchana tabaka la chini la anga la juu, linaloitwa D, hunyonya mawimbi ya kati yanayopanda, hivyo tunasikia yale tu yanayotambaa juu ya ardhi. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na stesheni za nchi za mbali hurudishwa chini kutoka juu zaidi. Hapo waya mrefu huleta wageni wengi kuliko wenyeji. Usiku punguza koili, au achana na waya na ugeuze redio mpaka mgeni aangukie kwenye ncha ya nguzo. Wa pwani wana bahati yao: maji ya chumvi hupitisha mawimbi ya kutambaa vizuri mno kuliko nchi kavu, kwa hiyo kuanzia Tanga hadi Pemba na Mombasa stesheni ya ng'ambo ya bahari inaweza kusikika mchana kuliko iliyo umbali huo huo bara.

Redio za tarakimu zilizotumwa na ndugu kutoka Marekani zina tatizo ambalo hakuna waya unaoliponya. Kwa mpango wa kimataifa wa kugawa masafa wa Geneva wa 1975, huku kwetu stesheni hupangwa kila kilohezi 9. Marekani ni kila 10. Redio iliyowekwa kwa hatua za 10 itaruka kutoka 580 hadi 590 na kuiacha stesheni ya 585 katikati. Kwenye 610 utaisikia ya 612 lakini imekwaruzika. Tafuteni swichi iliyoandikwa 9/10, mara nyingi iko nyuma au ndani ya kibweta cha betri. Redio nyingine hubadilishwa kwa kubonyeza vitufe, na maelezo yamo katika kitabu chake.

Waya huu ni wa muda, na neno hilo lishikwe. Hautandazwi juu wala chini ya nyaya za umeme, na hautupwi juu ya mti kwa jiwe bila kutazama ng'ambo kuna nini. Kanuni ni kwamba waya ukikatika upande wowote na kuanguka ukiwa umenyooka, usiweze kufika kwenye nyaya za umeme. Radi nayo haina mzaha. Kandokando ya Ziwa Victoria na mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Wingu likianza kunguruma kwa mbali, waya uchomolewe ukiwa nje ya dirisha na uunganishwe moja kwa moja na nondo. Kuuchomoa kwenye koili na kuuacha unaning'inia chumbani kunaileta radi ndani. Ikiwa mvua imekwishafika, msiuguse tena. Wakati wa masika na vuli ni bora ushushwe kila jioni, na chupa ya mchanga hufanya kazi hiyo iwe ya dakika moja.

Kwako Mhariri nina ombi. Ratiba za redio magazetini hutaja saa na jina la kipindi, basi. Msikilizaji wa AM anahitaji kilohezi za stesheni na jina la mahali mnara ulipo, maana mnara mara nyingi hauko mji uleule wenye studio, na bila kuujua hawezi kuelekeza redio, fremu wala waya wa shambani. Mkiongeza saa ambazo mtambo huzimwa kwa matengenezo, mtawaokoa watu wanaopanda miti kutafuta stesheni ambayo haipo hewani.

Fundi redio,
Korogwe